Kabla ya Tatu

Bwenini
Jumatatu, 10 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nimelelewa hivyo. Ukitaka kuiitikia, itikia. Usipotaka, sawa pia.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa simu ya matroni kwa sababu kwenye simu nikikwama wewe hunimalizia sentensi. Tena unazimalizia vizuri kuliko nilivyotaka kuzisema mimi, mpaka simu inakatwa nikiwa nimekubali jambo ambalo sikulisema kabisa. Kwenye karatasi sikwami. Hapa huwezi kunisaidia.

Jana jioni tulikusanyika ukumbini kutazama ile tamthilia yako mpya. Nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba muziki wake ameutunga mdogo wake mama yangu. Tangu nije shule hii sijawahi kufungua mdomo bila kuulizwa, kwa hiyo waliniamini, wakanipisha niketi mbele. Matroni akaongeza sauti. Picha ikaanza: barabara yenye mvua, yule mwanamke anakimbia na mkoba, chini yake ngoma, na juu ya ngoma

t-t-t-t, t-t, t-t-t-t, t-t

Mama Mdogo, ile ni sauti yangu.

Ni siku ile ya likizo. Ulikuwa umezima feni ili isiingie kwenye maikrofoni, tunatoka jasho katikati ya yale magodoro uliyoyaegesha ukutani. Ukaniambia, "Chiriku, keti hapo unihesabie, napima tu maikrofoni." Nikasema moja. Nikasema mbili. Kwenye tatu nikakwama, nikakwama vibaya, mpaka ukanishika bega. Ukasema, "Usijali mwanangu, nimeshafuta."

Leo asubuhi, kwenye foleni ya chai, wasichana walikuwa wakigonga vikombe: t-t-t-t, t-t. Kipindi cha pili mwalimu akanisimamisha nisome. Nikakwama. Kawaida nikikwama hakuna anayecheka; wote huinamia madawati mpaka nipite, nami nimeshazoea kutazama visogo. Leo mmoja wa nyuma akaanza kugonga dawati, wa pili akamfuata, mara darasa zima liko ndani ya mapigo. Mwalimu naye akatikisa kichwa mara mbili tatu kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mwalimu. Walinipigia makofi. Wamedhani naiga wimbo.

Yaani sasa mimi ndiye ninayeiga.

Naomba uitoe. Sina lingine.

Mwana wa dada yako

*

Studio
19 Februari

Chiriku,

Marahaba, ingawa shikamoo yako umeitoa kama mtu anayetema mbegu.

Kwanza hongera kwa barua ndefu. Mama yako huniambia kwamba ukiwa nyumbani siku nzima hupita umesema "sawa" na "nimeshiba" basi. Pili, punguza maigizo. Sauti unayoilalamikia ni ya mashine. Nina kompyuta hapa ambayo tumboni mwake kuna ngoma, filimbi, midomo ya watu nisiowajua, milango inayofungwa, mpaka mbwa. Nachukua, nakata, nageuza, navuta. Kila mtu anaweza kusema t. Hata bomba bovu la maji linasema t.

Nadhani hujui kazi yangu ni nini, na si kosa lako, maana katika ukoo wetu wote hakuna anayejua. Mama yako anadhani napiga kinanda wakati watu wanalia kwenye filamu. Mjomba wako kila akiniona huniuliza kama nimepata kazi. Basi sikiliza. Mwongozaji akimaliza kuunganisha picha zake haniletei zikiwa kavu. Ananiletea akiwa ameshaziwekea muziki wa mtu mwingine, aliouokota anakokujua mwenyewe, wa kushikia nafasi tu, ili asichoke kutazama. Halafu anautazama na picha zake asubuhi na jioni mpaka anaupenda, anauota. Mimi nikija na wangu ananiambia, "Fundi, mzuri, ila hauna kile kitu." Kile kitu ni kwamba mimi siye yule mwingine. Miaka yote hii kazi yangu imekuwa kutunga kitu kile kile ambacho si kile kile. Na kabla ya hapo nilikuwa natunga matangazo: ya magodoro, ya sabuni, ya dawa ya mende. Ya mende watu waliimba.

Sasa nimepata tamthilia inayotazamwa na nchi nzima. Jina langu linapita kwenye kioo kwa herufi zinazosomeka. Na wewe, badala ya kujivuna na mama yako mdogo, unaniandikia kama hakimu.

Wenzako wakikusumbua, mwambie matroni. Wakigonga vikombe, nawe gonga chako. Dunia haijakusikia wewe, mwanangu. Ni wewe unayejisikia sana.

Soksi nilizoweka kwenye kifurushi ni zako, uliziacha hapa.

Mama Mdogo

*

Bwenini
27 Februari

Kwa Mama Mdogo,

Soksi nimezipata. Si zangu.

Barua hii niliianza kwa lugha ile nyingine, ya mitihani, nikidhani itanipa ukali. Niliposoma nilichoandika nikajikuta nasikika kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Nimeichana. Nitakasirika kwa lugha ya nyumbani.

Unasema mashine. Mashine haimezi mate. Sikiliza tena, baada ya zile t nne za kwanza kuna pumzi fupi inayoingia kwa pua, kama mtu anayetaka kupiga chafya akaghairi. Hiyo naijua tangu sijaanza shule. Wewe umeisikia kwenye spika, mimi naishi ndani yake. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nikuambie kilichotokea Ijumaa. Nilisimama darasani, mbele ya wote, nikasema ni mimi. Sijui nini kiliniingia. Mmoja akasema, "Na mimi ndiye yule mwenye mkoba." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwingine akasema, "Haya basi, Staa, tufanyie. Fanya tuone." Nikafungua mdomo kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Ikatoka laini kama maji, Mama Mdogo. Kigugumizi changu kikiitwa hakiji. Kinakuja kisipoitwa.

Kwa hiyo sasa mimi ni mwongo mwenye jina. "Staa, pitisha chumvi." "Staa, matroni anakuita, analeta kamera."

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nimeanza kuyakwepa maneno. Zamani nilikuwa nakwama ninapokwama, napita, basi. Sasa kila neno linaloanza na ile herufi naliona likija kwa mbali, nageuza njia. Jana nilitaka kumwambia matroni "tumbo linauma." Nikamwambia niko sawa. Nikalala nalo.

Hapa wanasema unaandaliwa msimu mpya. Nataka sauti yangu isiwemo. Ukikataa, nitajua la kufanya.

Mimi

*

Studio
8 Machi

Barua yako haikuwa na shikamoo, nimeona. Basi na mimi sina marahaba.

Haya. Ni wewe. Umefurahi?

Nitakueleza ilivyokuwa, halafu tusirudie tena. Safari ile Mwongozaji alikuwa na haraka, picha za mwanzo akaniletea kavu, bila muziki wa mtu. Akataka kitu cha kumpa mwendo, siku hiyo hiyo, aone tu kama mwanamke anakimbia vizuri. Sikuwa na kitu. Nikafungua faili la siku ile uliyonihesabia. Nikakata kipande, nikakirudiarudia juu ya ngoma, nikampelekea. Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Hiki ni cha kushikia nafasi tu, usikizoee."

Akakizoea.

Nikatunga wimbo wenyewe, Chiriku. Fidla, zumari, mwanamke mwenye sauti nzito anaimba bila maneno. Nilikonda kwa ajili ya wimbo ule. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Fundi, mzuri, ila hauna kile kitu. Rudisha ile t-t-t." Nikatunga mwingine. "Rudisha ile t-t-t." Miaka yote nimekuwa nikishindana na watu wa mbali, wenye okestra zao na kumbi zao. Safari hii yule mwingine ambaye siwezi kuwa yeye alikuwa wewe, na soksi zako zimeanikwa dirishani kwangu.

Watu wananisimamisha dukani. Wananigongea kaunta. "Fundi, t-t-t!" Nacheka nao. Unajua ladha yake mdomoni? Nimejifunza kazi hii tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, kwenye kinanda cha kukodi, nikiambiwa na kila mtu nitafute kazi ya kueleweka. Halafu mtoto anakuja likizo, anashindwa kusema namba ambayo hata chekechea wanaisema, na hicho ndicho nchi nzima inakigongea vikombe. Unadhani nilikuficha ili nikuibie? Niliificha kwa sababu niliona aibu. Kusema ni mashine kulikuwa afadhali. Mashine ni yangu.

Na usinitishe. "Nitajua la kufanya." Utafanya nini? Utampigia Mwongozaji simu? Utakuwa bado uko kwenye "halo", yeye ameshakata.

Wimbo unabaki.

Mama Mdogo

*

Bwenini
15 Machi

Ndugu Mwongozaji,

Hunijui. Mimi ni mwanafunzi. Ile sauti ya t-t-t mwanzoni mwa tamthilia yako si ya mashine. Ni yangu. Nina kigugumizi. Nilirekodiwa nikiambiwa ni kupima maikrofoni, nikaambiwa imefutwa, na sikuombwa ruhusa kuitumia. Aliyenirekodi ni Fundi, ambaye ni mama yangu mdogo. Ukimuuliza hatakataa, kwa sababu kwangu ameshakubali kwa maandishi.

Naomba itolewe kabla ya msimu mpya.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nimeambiwa nitakuwa bado niko kwenye "halo", wewe umeshakata.

Kwa heshima,
Mwenye sauti

*

Ofisi ya Utayarishaji
24 Machi

Binti yangu mpendwa!

Barua yako imetutoa machozi. Nakwambia kweli, nimeisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, na mhariri wa picha, ambaye hakulia hata alipoungua mkono, amefuta macho. Hasa pale mwisho pa "halo". Una kipaji cha kuandika!

Fundi alituapia kuwa ni kompyuta. Mimi nilisema tangu mwanzo, kompyuta haina roho, hii ina roho. Waulize, watakwambia nilisema.

Sasa, wakubwa wa kituo wamekuwa wakali kidogo. Wanasema bila idhini yako na ya mama yako sauti haipiti kwenye msimu mpya. Na Fundi naye hapiti, kwa kuwa ametudanganya, labda wewe mwenyewe useme huna kinyongo naye. Kwa hiyo jambo ni jepesi kabisa: ukikubali, kila mtu anabaki alipo, wewe, yeye na t-t-t yetu. Ukikataa, tunatafuta mtu mwingine na wimbo mwingine, na itaniuma sana.

Tena nina wazo. Kwa nini tuishie kwenye kimoja? Njoo studio, tukuandalie chumba kizuri, ututolee vigugumizi vingine: cha huzuni, cha hatari, cha mapenzi (katika msimu mpya yule mwenye mkoba anapata mchumba). Fikiria na herufi nyingine pia. Mimi binafsi naipenda sana b.

Tunakabidhi kazi katikati ya Aprili. Nijibu mapema, mwanangu, au umjibu Fundi, yeye atanifikishia.

Wako katika sanaa,
Mwongozaji

*

Studio
26 Machi

Umefanya.

Ameniita kwenye kikao. Siyo pembeni, kwenye kikao, watu wana vikombe vya chai mkononi. Akaitoa barua yako mfukoni kama mtu anayetoa leso. Mwandiko wako umenyooka siku hizi. Akasoma. Alipomaliza, yule kijana wa taa akaniuliza, "Fundi, kumbe mashine yako ina mama?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Kwenye kazi hii mwanamke asipocheka anaambiwa ana roho mbaya.

Wameniambia nisubiri uamuzi wa mtoto wa shule. Nimempigia mama yako nikidhani atakutia adabu. Unajua alichosema? "Atakachoamua mtoto ndicho nitakachotia saini." Dada yangu. Mimi niliyekufulia nepi yeye akiwa kazini, kwa sabuni ile ile niliyokuja kuitungia tangazo.

Unasema hukuombwa ruhusa. Kweli, sikukuomba. Na sasa pia sikuombi. Nataka ujue tu ulichoshika mkononi. Ukisema ndiyo, ninabaki kuwa mtu ambaye jina lake linasomeka. Ukisema hapana, ninarudi kwenye mende.

Sema unalosema. Ila sema upesi, kama unaweza.

Mama Mdogo

*

Bwenini
31 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hii ni ya kweli kidogo kuliko ile ya kwanza, usiulize kwa nini.

Nilikuwa nimeshaandika hapana. Ilikuwa barua ya mstari mmoja, nimeikunja, nimeilamba bahasha. Barua yako ya "halo" niliisomea bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa, na hii ya "kama unaweza" nikaisomea pale pale. Nikasema huyu arudi kwenye mende, tena arudi akitambaa. Na yule Mwongozaji wako niliyemwomba kitu kimoja, akanisomea mbele ya ofisi halafu akaniomba b. Nilitaka wote mkose.

Sikuipeleka posta kwa sababu ya matroni. Jumapili alinikuta nimebaki bwenini wenzangu wakitazama tamthilia. Akauliza naumwa nini. Nikaanza kumwambia. Nikakwama kwenye neno la kwanza, nikaona macho yake yanatafuta la kunisaidia, midomo yake imeshaanza, kama yako. Kutoka ukumbini nikasikia t-t-t-t, t-t. Nikawaza: kule nimekwama, na hapa nimekwama. Kule kila Jumapili nakwama, mwanamke anakimbia, wimbo unakatika, jina lako linapita. Hakuna hata siku moja ninayofika. Watu wote wanaogonga vikombe wanajua nilivyokwama, na hakuna anayejua kama nilipita.

Mama Mdogo, nilipita.

Wewe ulinishika bega, ukasema umefuta, ukavua hedifoni, ukainuka kwenda kuwasha feni. Mimi nikabaki pale kwenye maikrofoni. Niliona aibu kuachia njiani, nikamaliza. Nilisema tatu. Niliendelea mpaka kumi, polepole, hakuna aliyekuwa ananitazama. Ile taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, niliiona. Kama hukufuta, basi zipo zote.

Sijawahi kumwambia mtu hili kwa sababu linasikika dogo. Msichana wa miaka yangu kujisifu kwamba alihesabu hadi kumi! Lakini mama hunimalizia kwa huruma, mwalimu humwita mwingine kwa sababu kipindi kinaisha, wewe ukakata kwa mkasi. Kati yenu hakuna aliyewahi kunisubiri mpaka tatu, na ninyi wote mnasema mnanipenda.

Kwa hiyo idhini yangu ndiyo hii, na mama ataitia saini ikiwa hivi tu: zote au hakuna. Kutoka moja hadi kumi, na kukwama kwangu kote, na feni ikiingia, iingie. Bila kukatwa na bila kurudiwarudiwa. Wakikubali, nitawaandikia kwamba sina kinyongo nawe, ingawa ninacho. Wakikataa, sauti yangu itoke yote, na sitaandika kitu.

Vigugumizi vya mapenzi siji kuvitoa. Mwambie hiyo b aitafute kwao.

Hii si kusamehe. Usije ukaimalizia ikawa kusamehe.

Mimi

*

Studio
14 Aprili

Chiriku,

Marahaba.

Nilipopata barua yako niliitupa kwenye meza nikasema huyu mtoto amekuwa na kiburi. Nikazunguka chumba. Nikaenda kununua mkate ambao sikuuhitaji. Niliporudi nikafungua faili.

Ni kweli, sikulifuta, na ni kweli pia kwamba sikuwahi kulisikiliza lote. Nimeifanyia kazi sauti ile mpaka naijua kila unywele, na kila mara nilikuwa naisimamisha pale pale. Kwa nini niendelee? Nilichokitaka nilikuwa nimeshakipata. Safari hii nikaweka mikono chini ya mapaja, kama tulivyokuwa tunafanyishwa shuleni, nikaiacha iende.

Tatu umeisema ghafla, kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango kumbe uko wazi. Nne ni ya kawaida. Kwenye tano ukakwama tena, hukuniambia hilo. Sita, saba, nane umezisema haraka, na feni inaanza kuvuma hapo, inaharibu kila kitu, fundi yeyote angeitupa. Kisha tisa. Tisa ilikuchukua muda mrefu kuliko tatu. Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye kiti changu na bado mdomo wangu ulikuwa unafunguka kukusaidia. Nimeuona mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Nikaufunga.

Nikampelekea Mwongozaji. Sikuweka ngoma. Niliweka zumari moja tu chini, inayokaa mahali pamoja na kungoja. Akasikiliza na miguu juu ya meza. Mwanzoni alikuwa anatikisa kichwa. Ulipofika tatu akaacha. Kwenye sita alikuwa anatazama simu. Mwishowe akaniambia, na nakuandikia kama alivyosema ili usije ukadhani naongeza chumvi: "Fundi, akikwama ni mtamu. Akishapita, anakuwa mtu anahesabu tu. Kata kabla ya tatu."

Nikamwambia msichana amesema zote au hakuna. Akasema, "Mtoto huyo! Mwambie kituo kimelazimisha, atazoea. Wewe kata, nami nitazungumza na wakubwa, unabaki." Alisema kwa wema kabisa. Akanisogezea kiti.

Sitakudanganya kwamba sikufikiria. Nilikaa kwenye kile kiti. Nilikunywa na chai yao.

Halafu nikachomoa waya wangu, nikachukua faili langu, nikatoka. Kwenye kompyuta yao hakuna kitu chako kilichobaki, nimefuta mwenyewe, na safari hii neno hilo ni kweli. Msimu mpya utakuwa na kijana mmoja anayepiga gitaa. Nimemsikia. Ni mzuri, ana kile kitu. Yule kijana wa taa amenisindikiza hadi ngazini akiniambia, "Fundi, umemwaga unga kwa sababu ya namba nane tu?" Nikaendelea kushuka. Hesabu yake ilikuwa sawa.

Usije ukadhani nimefanya kwa ajili yako. Nimekukasirikia na bado nimekukasirikia, kwa barua ile, kwa kikao kile, kwa kuwa ulikwenda kwa mtu baki kabla hujamaliza kugombana na mimi. Likizo ukifunga shule nenda kwa mjomba wako, mimi sijawa tayari kukuona. Wale wa magodoro wameniita tena. Wanataka kitu cha kulala, chenye furaha.

Na lile la "halo" sikupaswa kuliandika. Nimeliandika, na wewe umelisomea bafuni. Sina namna ya kulikata.

Kumi umeisema chini sana, karibu sikuipata. Umeisema kama mtu anayeangalia kama kuna aliyebaki chumbani. Nilikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nimekupa mgongo.

Mama Mdogo